Jina la intaneti likikosa kulipiwa: kota inalinda nani?

Mwishoni mwa Desemba 2020, jina moja la intaneti, scpt-network.com, liliachwa bila kulipiwa mpaka likarudi sokoni. Lilikuwa jina la kazi: baadhi ya seva zinazoongoza adresi zote za .cd, ni kusema adresi za RDC, zilikuwa zinapatikana kupitia jina hilo. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa intaneti kutoka Uswidi, alilinunua mbele ya wengine. Alieleza kwamba karibu nusu ya maulizo ya .cd yangeweza kupita mikononi mwake. Hakuyatumia vibaya. Aliwajulisha wahusika, seva zingine ziliendelea kufanya kazi, na Januari 2021 .cd ikahamishiwa kwenye scpt-network.net.

Wengi walijiuliza kwa nini jina la maana kama hilo linaweza kununuliwa na yeyote. Jibu liko katika namna majina ya .com yanavyogawanywa.

Daftari la .com linatunzwa na Verisign, kampuni ya Marekani. Haimuuzii raia moja kwa moja. Inapitia wauzaji waliokubaliwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani. Jina lisipolipiwa, muuzaji anaweza kulishikilia mpaka siku 45. Akilifuta, mwenyewe anabaki na siku 30 za kulikomboa, na hapo bei inapanda. Kiisha zinakuja siku 5 ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kuligusa. Zikimalizika, jina linafutwa, na ombi la kwanza kufika ndilo linalipata.

Hapo ndipo kota inapoingia. Wauzaji wanatumia mashine zinazotuma maombi bila kupumzika, wakitafuta kufika mbele ya wenzao hata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 2001 maombi ya namna hiyo yalilemea mashine za Verisign, ikabidi itenge njia ya pekee kwa ajili yao. Tangu hapo sheria ni moja: kila muuzaji aliyekubaliwa anapewa idadi sawa ya milango ya kuingilia katika daftari. Akishaijaza, anangoja.

Anayechota maji kwenye robine ya kartye anafahamu jambo hili. Wakisema kila familia ni bidoni mbili kwa zamu, mstari unatembea na hakuna wa kukaa peke yake pale. Lakini mwenye uwezo akituma watoto kumi, kila mmoja akijiandikisha kama familia yake, atarudi na bidoni ishirini. Sheria haikuvunjwa, na mama aliyekuja peke yake amerudi na mbili zake.

Ndivyo ilivyotokea kwa majina. Mwaka 2016, DropCatch, kampuni ya Marekani inayowinda majina yanayofutwa, iliongeza vibali 500 vya uuzaji kwa mpigo, juu ya mamia iliyokuwa navyo. Kila kibali ni kampuni yake kwenye karatasi, na kila kimoja kinaleta kota yake. ICANN inatoza dola 4.000 kwa mwaka kwa kila kibali, kwa hiyo hivyo 500 pekee ni dola milioni 2 kila mwaka. Muuzaji mdogo mwenye kibali kimoja ana haki sawa na kila kibali cha DropCatch, lakini anashindana navyo vyote kwa pamoja.

Je, kota iondolewe? Hapana. Bila kipimo, wenye mashine za nguvu wangeziba mlango kabisa, na hata mtu anayetaka kusajili jina jipya la duka lake angekwama. Kota inalinda daftari lisianguke. Kumlinda mwenye jina aliyesahau kulipa si kazi yake, na hapo ndipo wakaaji wengi wanadanganyika: wanafikiri jina walilotumia miaka kumi litawangojea.

Ulinzi uko mbele ya tarehe ya mwisho. Sheria za ICANN zinamlazimisha muuzaji kutuma ukumbusho karibu mwezi mmoja mbele, tena karibu wiki moja mbele, na mara nyingine baada ya tarehe kupita. Ukumbusho huo unaenda kwenye barua pepe iliyoandikwa siku ya kusajili. Kama ni ya fundi aliyetengeneza saiti na amekwisha kuhamia muji mwingine, shirika halitajua lolote. Kama ni barua pepe inayotumia jina lile lile, siku jina likizimika na barua inazimika nayo.

Kwa hiyo chama, shule ao koperative yenye jina la .com inafaa kuangalia mambo matatu: jina limeandikwa kwa nani, ukumbusho unafika wapi, na tarehe ya mwisho ni lini. Jina la .com linaweza kulipiwa mpaka miaka 10 kwa mara moja. Bei ya mwaka mmoja kwa kawaida haifiki dola ishirini. Likishaangukia kwa mwindaji wa majina, bei anaipanga yeye, na anaweza pia kukataa kuliuza.