Ngozi Nzuri, Shingo Isiyotulia

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja mviringo na kuficha kichwa katikati akitishwa, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani Ulaya na Marekani. Ni mpole, kwa kawaida hazidi mita moja na nusu, na ngozi yake imekuwa biashara kubwa. Tangu albino wa kwanza wa kufugwa waanguliwe Marekani mwaka 1992, wafugaji wamechanganya mbegu hadi kupata wa manjano, wenye mabaka meupe, hata wasio na magamba. Mwaka 1999 akaingia chatu kutoka Afrika mwenye mistari myembamba kama utando, akaitwa buibui. Kizuri chajiuza: wa mwanzo walikwenda kwa maelfu ya dola.

Mtazame buibui wakati wa kula. Chatu wa kawaida akiwekewa panya hutulia, ulimi ukiingia na kutoka, kisha huruka mara moja na kumpata. Buibui huanza kutikisa kichwa. Shingo inapinda, inajisokota, wengine hadi kidevu kinaelekea juu. Akiruka anapiga pembeni, anarudia, anakosa tena. Mlaze chali, na hapo ambapo mwenzake angejigeuza mara moja, yeye anahangaika kutafuta chini ni wapi. Wapo wanaotikisika kidogo tu, lakini hakuna anayeweza kumwahidi mnunuzi kwamba wa kwake atabaki hivyo.

Wauzaji hujitetea kwamba anakula, ananenepa na anazaa, basi haumwi. Siikubali hoja hiyo. Mbwa aliyezalishwa kwa pua bapa husikika akikoroma. Nyoka hana sauti ya kulalamika wala uso wa kukunja. Kula kwake kunaonyesha kwamba hajafa njaa, basi. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walichapisha picha za kina za vichwa vya nyoka hawa. Mifereji ya sikio la ndani, inayoujulisha mwili kwamba unageuka, imepanuka kupita kiasi, na kifuko kinachohisi mvutano wa dunia ni kidogo na kimeharibika umbo. Mnyama huyu anaishi bila kuwa na hakika mwili wake umekaaje, na anaweza kuishi hivyo miaka ishirini na zaidi.

Wengine husema dawa ni kupandisha wale watulivu peke yao. Limejaribiwa kwa miaka mingi, na bado mzazi mtulivu huzaa mtoto anayejisokota, kwa sababu mistari na ugonjwa vinarithiwa pamoja. Anayeitaka ngozi hiyo analitaka na sikio lile.

Sina ugomvi na rangi yenyewe. Albino na wenye mabaka meupe hawajulikani kuwa na ugonjwa huu, na kupiga marufuku kila rangi kungewaadhibu wafugaji waadilifu bila sababu. Sheria ya Ujerumani ya ulinzi wa wanyama imeuweka mpaka mahali panapofaa: inakataza kuzalisha mnyama mwenye uti wa mgongo pale inapotarajiwa kwamba watoto watateseka kwa sababu ya walichorithi. Uingereza, International Herpetological Society iliondoa buibui kwenye maonyesho yake ya mauzo, na wafugaji wengi wakalalamika kwamba wanaonewa.

Huku nyumbani kwa chatu huyu, Ghana, Togo na Benin, wawindaji bado wanafukua mashimo na vichuguu kutafuta mayai na majike wenye mimba kwa ajili ya soko hilohilo, na fungu lao ni dogo. Mjini Ouidah, Benin, chatu wa aina hii ana hekalu lake, na akiingia nyumbani kwa mtu hurudishwa kwa heshima.

Nchi zenye soko hilo zianze na buibui: kumpandisha kukatazwe, na wasiachiwe wafugaji wajiamulie. Walio hai watunzwe na wenyewe hadi mwisho, bila kuuzwa wala kuzalishwa. Na kila muundo mpya wa ngozi uchunguzwe na daktari wa mifugo kabla haujatiwa bei, gharama ikiwa juu ya yule atakayeuuza.