Mashine Nayo Ihojiwe

Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kwenda kufuatilia mafao yake katika ofisi moja ya umma. Karani, binti mwenye adabu na uso wa uchovu, aliingiza cheki namba ya mzee kwenye kompyuta, akasoma kwa muda, kisha akatutazama kwa huruma. Kwa mujibu wa mfumo, mjomba aliajiriwa mwaka 1994. Kwa mujibu wa mjomba, na wa mamia ya watu aliowafundisha kusoma, aliajiriwa mwaka 1983. Miaka 11 ya chaki na vumbi haikuwapo.

"Mzee wangu, mfumo haukosei," alisema binti yule. "Labda ulete vielelezo."

Mjomba alikuwa navyo, vimehifadhiwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na baada ya miezi saba ya nenda-rudi miaka yake ilirejeshwa. Lakini lililonikaa moyoni ni jambo jingine. Siku ile ya kwanza, tukiwa tunaondoka, nilimwuliza karani kama amewahi kukutana na wengine wenye tatizo hilo hilo. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba wapo wengi. Nikamwuliza huwa anawaandika wapi. Swali lilimshangaza. Hapakuwa na pa kuwaandika. Kila mmoja huja peke yake, huambiwa alete vielelezo, na hushinda au hushindwa peke yake.

Makala haya yanahusu daftari hilo lisilokuwapo.

Wahandisi wana taaluma nzima inayoshughulikia jambo hili: utafiti juu ya kutegemeka kwa mitambo na udhibiti wa ubora. Taaluma hiyo haianzi kwa kuuliza kama mtambo utakosea. Inachukulia kuwa utakosea, kisha inauliza: mara ngapi, kwa namna gani, nani atajua, na itachukua muda gani kuurekebisha? Chukua hesabu nyepesi. Mfumo unaofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda unasifika masikioni, lakini katika mwaka mmoja huzimika kwa zaidi ya siku tatu na nusu. Unganisha sehemu 10 mfululizo, yaani umeme, kompyuta, waya, seva, programu na kadhalika, kila moja ikitegemeka kwa asilimia 99. Ikiwa kuharibika kwa sehemu moja tu kunatosha kukwamisha kazi, mfumo mzima utategemeka kwa takribani asilimia 90. Hakuna aliyezembea wala aliyehujumu. Ni hesabu tu.

Mei 1924, mwanafizikia Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi na watengenezaji wa vifaa vya simu huko Marekani, aliwaandikia wakubwa zake waraka mfupi wenye mchoro mmoja. Mchoro huo ndio chanzo cha chati za udhibiti zinazotumika viwandani hadi leo. Shewhart alitenganisha kasoro za aina mbili: zile zinazotokana na sababu mahususi, kama kifaa kilichovunjika au mtu aliyekosea, na zile zinazozalishwa na mfumo wenyewe siku zote. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama kasoro moja. Lazima uziandike zote, kwa mpangilio, kwa muda mrefu.

Mwanafunzi wake wa kifikra, W. Edwards Deming, aliyewafundisha Wajapani mbinu hizo mwaka 1950, alikuwa na jaribio alilolifanya mbele ya mameneja. Aliweka katika chombo shanga 4,000, kati yake 800 zikiwa nyekundu. "Wafanyakazi" walichota shanga kwa ubao wenye matundu 50 na kuambiwa kuwa shanga nyekundu ni kasoro. Aliyetoa nyekundu chache alisifiwa, aliyetoa nyingi alikaripiwa, na mwishowe wengine walifukuzwa kazi. Mameneja walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa waliona wazi kwamba hakuna mfanyakazi aliyekuwa na uwezo wowote juu ya rangi ya shanga. Rangi iliamuliwa na aliyejaza chombo.

Kinachotokea taifa linapoisahau elimu hiyo kimeonekana Uingereza. Kuanzia mwaka 1999, Posta ya nchi hiyo ilisambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilibeba jina la mmiliki wake, Fujitsu ya Japani. Matawi mengi yaliendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wenye duka kijijini na dirisha la posta ndani yake. Muda si mrefu wengi wao walianza kuona upungufu wa fedha wasiouelewa. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Walidaiwa fedha ambazo hazikupotea. Wengine waliuza nyumba, wengine walikopa kwa ndugu. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, wengi wao wakiwa wameshtakiwa na Posta yenyewe. Mama mmoja alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma, iliyotolewa Julai 2025, ilieleza kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai kwa sababu ya mkasa huo.

Kosa lenyewe lilikuwaje? Nitatoa mfano mmoja. Oktoba 2015, katika tawi la Dalmellington huko Uskoti, wakala alipokea mfuko wenye pauni 8,000. Skrini iligoma kusonga mbele, akabonyeza kitufe tena na tena. Mfumo uliandika mfuko ule ule mara nne. Vitabu vikaonyesha pauni 32,000, na upungufu wa pauni 24,000 ukazaliwa bila hata senti moja kutoka mahali ilipokuwa.

Kinachoniuma kama mtafiti ni kwamba daftari lilikuwapo. Fujitsu ilikuwa na kumbukumbu ya hitilafu zinazojulikana, ambamo mafundi wake waliandika kasoro walizozikuta. Kwa miaka mingi kumbukumbu hiyo haikufika mikononi mwa watuhumiwa na mawakili wao. Ilifunguka kwa nguvu ya mahakama, baada ya mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates kuishtaki Posta. Desemba 2019, Jaji Peter Fraser aliamua kuwa Horizon ilikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzalisha upungufu wa uongo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Sheria nayo ilikuwa na mchango wake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, mwendesha mashtaka wa Kiingereza aliyeleta ushahidi wa kompyuta alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, mwaka ule ule Horizon ilipokuwa ikisambazwa. Badala yake ikabaki dhana kwamba mashine ni nzima mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenye dirisha la posta kijijini angethibitishaje ubovu wa mashine ambayo hana ruhusa hata ya kuifungua?

Sasa turudi nyumbani. Sisi Watanzania tumehamia katika mifumo ya kielektroniki kwa kasi: mishahara, kodi, umeme wa LUKU, usajili wa wanafunzi, malipo ya serikali. Sisemi turudi kwenye makaratasi. Majalada yalikuwa yakipotea kwa bei maalumu, na watumishi hewa walistawi kwa sababu ya udhaifu wa kumbukumbu. Mfumo mzuri unamlinda mnyonge dhidi ya karani mla rushwa. Ninachokipinga ni kumwondoa mla rushwa na kumweka mahali pake mungu asiyeulizwa.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaruhusu mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki kuchukuliwa kuwa ni sahihi, pasipokuwapo ushahidi wa kupinga, endapo upo ushahidi kwamba mfumo ulikuwa ukifanya kazi ipasavyo kwa wakati husika. Kwa maandishi, hapo tumewazidi Waingereza: anayeitegemea mashine anatakiwa aanze yeye kuonyesha uzima wake. Lakini ushahidi huo ni upi? Ikiwa ni afisa kusimama na kusema "mfumo wetu ni mzuri", tumejipatia dhana ile ile iliyovaa kanzu nyingine. Ushahidi wa kweli wa uzima wa mtambo ni historia ya ugonjwa wake: ulikwama lini, kwa nini, nani aliathirika, ulitibiwaje. Mtambo usio na kumbukumbu ya hitilafu haujathibitishwa kuwa mzima. Haujapimwa tu.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Kila mfumo unaogusa mshahara, pensheni, kodi au uhuru wa raia uwe na daftari la hitilafu, na daftari hilo liwe mali ya umma. Karani awe na mahali pa kuandika kila lalamiko, bila kuogopa kuonekana anaichafua ofisi. Mikataba ya ununuzi imtake muuzaji alikabidhi daftari hilo pamoja na mtambo. Vyuo vikuu vyetu, vyenye vijana wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu, vipewe takwimu hizo vizichambue kwa njia ya Shewhart.

Najua nitaambiwa kwamba kuanika kasoro ni kuwapa wezi ramani, na kwamba kila mkwepa kodi atasingizia mashine. Tundu la usalama linaweza kuzibwa kwanza, kisha likatangazwa. Kuhusu msingiziaji, daftari ndilo litakalomuumbua, kwa kuwa litaonyesha kama siku hiyo mashine ilikuwa na tatizo au la. Anayelindwa na kukosekana kwa daftari ni aliyeuza mtambo mbovu na aliyeupokea bila kuupima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Posta ya Uingereza iliyaficha yake kwa miaka 20.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ninyi mnaokaa nyuma ya skrini, nina ombi dogo lisilohitaji bajeti wala waraka. Kesho asubuhi fungua daftari la kawaida, la mistari. Andika tarehe, tatizo, na jinsi lilivyokwisha. Akija mzee wa kumi mwenye miaka 11 iliyopotea, utakuwa na jambo la kumwambia mkuu wako ambalo hawezi kulipuuza, na hutalazimika tena kumwambia mzee huyo kwamba labda amesahau maisha yake mwenyewe.