Shilingi Nayo ni Kipimo



Mama auzaye viazi katika soko la Molo akibonyeza kitako cha debe lake ili lipungue, sheria ya vipimo na mizani itamfikisha kortini. Sisi wanasheria twaijua sheria hiyo wala hatuilaumu. Nabii Amosi mwenyewe aliwakemea wachuuzi waliopunguza vipimo na kupandisha bei. Lakini twauliza: je, shilingi si kipimo pia? Na wenye mamlaka wanapoipunguza, ni nani atakayewapandisha kizimbani?

Swali hili si geni kwetu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, chama tawala kiliuendea uchaguzi wa Desemba 1992 kwa kumwaga fedha pasipo kiasi. Wakati huohuo hazina ya umma ilikamuliwa katika kashfa ya Goldenberg, kwa visingizio vya kuuza nje dhahabu na almasi. Wananchi ndio waliolipa. Dola moja, iliyogharimu wastani wa shilingi 32 mwaka 1992, ilifikia wastani wa shilingi 58 mwaka 1993, na bei za bidhaa zikapanda kwa takriban asilimia 46 mwaka huo. Hapa Molo msiba ulikuwa maradufu. Ghasia za kikabila za mwaka 1992 ziliteketeza nyumba na maduka, na aliyenusurika na akiba yake aliiona ikiyeyuka mkononi. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru hakuinyamazia damu ile. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza Goldenberg, ilitoa ripoti yake mwaka 2006, lakini hakuna mwenye kibanda aliyerudishiwa hata senti.

Tangu mwaka 2010 tuna Katiba ambayo kifungu chake cha 210 chakataza kodi yoyote isiyowekwa kwa sheria. Hata hivyo, mfumuko wa bei ni kodi isiyopigiwa kura Bungeni, nayo huivuta nyingine nyuma yake. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ghafi kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hii hutozwa mauzo, si faida. Chukua duka liuzalo bidhaa za shilingi 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka: halidaiwi. Bei zikipanda kwa asilimia 10, mauzo hufika 1,056,000. Mwenye duka hajauza pakiti moja ya unga zaidi, lakini sasa adaiwa shilingi 31,680!

Mfanyabiashara mdogo afanye nini basi? Kwanza, apange bei kwa kutazama atakavyonunua kesho, si alivyonunua jana. Aliyenunua kilo ya sukari kwa shilingi 130 akaiuza kwa 145, kisha akaikuta kwa mwuzaji wa jumla imefika 150, amekula mtaji wake akidhani amekula faida. Pili, wenye vibanda wa kanisa moja au chama kimoja wachange na kununua kwa jumla. Tatu, akiba isilale sandukuni. Igeuzwe bidhaa zisizooza. Nne, mikopo ya haraka ya simu isiwe mtaji. Tano, aandike daftari kila jioni, kwani ndilo shahidi wake mbele ya mtoza kodi.

Hata hivyo, anayetuhubiria kukaza mkanda pekee anatuhadaa. Mkanda wa mlalahoi umekwisha matundu. Twadai kiwango cha shilingi milioni 1 kipandishwe kadiri bei zinavyopanda, na mdogo atozwe kodi ya faida yake. Twadai pia Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nakuru ujadiliwe Molo, sokoni, siku ambayo wachuuzi wapo, kwa lugha wanayoielewa.

Asiambiwe mtu kwamba haiwezekani. Juni 2024 vijana walijaa barabarani, wengine wakauawa, na Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukaondolewa. Sisi hatuombi fadhila. Mama wa viazi ameamriwa apime kwa haki, nasi twamtaka aliyemwamuru apime vivyo hivyo.