Jambazi akichomwa, siri yake inaungua naye

Hapa Bukavu habari ni ile ile. Usiku filimbi zinalia, sufuria zinapigwa, watu wanatoka na mapanga na mawe. Jambazi ambaye jina lake lilitisha kartie nzima anakamatwa, anapigwa, halafu inaletwa tairi na esanse. Asubuhi wakaaji wanapumua: huyu amekwisha.

Hasira hiyo inaeleweka. Mwezi wa Februari 2025, wakati M23 ilikuwa inaingia mjini, wafungwa walitoroka jela kuu na silaha zikabaki mikononi mwa watu. Polisi wa serikali waliondoka, korti zikafungwa. Hata mbele ya hapo, raia walikuwa wamechoka kumkamata mwizi Jumatatu na kukutana naye barabarani Ijumaa. Mama aliyenyang'anywa mtaji wake wote kwa usiku mmoja, utamwambiaje angojee hakimu asiyekuwepo?

Lakini tunajidanganya. Jambazi hafanyi kazi peke yake. Kuna aliyemkodisha bunduki, kuna aliyemwonyesha nyumba yenye dola, kuna anayenunua simu za wizi na kuziuza tena. Tukimuua mbele hajasema, hao wote wanalala vizuri. Pengine mmoja wao ndiye anayepaza sauti zaidi: "Choma!" Juma lijalo bunduki ile ile iko kwa kijana mwingine.

Tena umati hauulizi mara mbili. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Hiyo haimlindi jambazi tu. Inamlinda pia mtoto wako anayechelewa kurudi kazini, akaitiwa "mwizi" na mtu wanayegombana naye juu ya deni au kiwanja.

Basi zamu za usiku ziendelee, na filimbi zilie. Lakini mtu akikamatwa, afungwe kamba, shefu wa avenyu aitwe, aulizwe bila kupigwa mbele ya mashahidi, na majina anayotaja yaandikwe. Na wanaotawala mji leo wanakusanya kodi. Watupatie mahali pa kumpeleka mshitakiwa, pasipo kutoka kwa pesa kesho yake.

Maiti haitoi ushahidi. Sisi tunahitaji kujua bunduki imetoka kwa nani.