PS5 au kompyuta ya gemu? Ukiwa Kanja, usianze na picha

Bonasi ya majani chai inapolipwa kila Oktoba, kuna mzazi Kanja, kaunti ya Embu, anayesumbuliwa na ombi moja: "Mathe, ninunulie PS5." Ndugu mtu naye anataka kompyuta ya gemu, eti "ya masomo pia". Wengine hawaombi mtu. Wanachuna chai au kuendesha boda na kuweka akiba mdogo mdogo. Vyovyote vile, Sh70,000 si pesa za mchezo.

Mitandaoni ubishi huu huishia kwenye ubora wa picha. Kanja, picha zije mwisho. Tuanze na bei.

PS5 ya diski ilizinduliwa Novemba 2020, na Marekani ikauzwa dola 499. Konsoli ikizeeka kwa kawaida hushuka bei, lakini hii imepanda: Agosti 2025 Sony iliifikisha dola 549, karibu Sh71,000 kabla ya usafiri na kodi. Kwenye kompyuta mambo ni magumu zaidi. Kampuni za akili unde zinabeba memori zote kwa ajili ya vituo vyao vya data, na viwanda vinafuata pesa ilipo. Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya memori za kuuzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. RAM imepaa, na mashine nzima inafuata.

Kwa hivyo tuambiane ukweli: kwa Sh70,000 hupati kompyuta mpya ya kushindana na PS5. Unapata mtumba wa ofisi kutoka Ulaya, uutie kadi ya picha, na uridhike na gemu za zamani kidogo. Hata hapo, kagua pawa saplai kwanza. Nyingi za ofisi haziwezi kubeba kadi kubwa.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network. Wakenya hufungua akaunti zinazodai wako Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, kisha hununua kadi za malipo za nchi hizo. Inafanya kazi, lakini ni kinyume cha masharti, na akaunti ikifungwa huna pa kulia. Hata wa kompyuta waliguswa Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wawe na akaunti hiyo. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji walizua kelele, na baada ya siku chache Sony ikafuta sharti hilo la akaunti.

Ndiyo maana diski bado ina maana huku kwetu. Ukichoka nayo unamuuzia mwenzako, au mnabadilishana. Ya Steam haiuziki tena, ingawa Steam inamuuzia Mkenya bila kumlazimisha adanganye anakoishi. Lakini kumbuka gemu kubwa hupita gigabaiti 100. Ukiipakua kwa bando za simu, utalipia gemu mara mbili.

Sasa, hii mashine itajilipa vipi? Hapa ndipo naona wengi wanakosea hesabu. Kwenye kibanda cha PS, konsoli haina mpinzani: watu wawili, TV moja, mechi moja, pesa mkononi. FC, ambayo kila mtu bado anaiita FIFA ingawa EA ilibadilisha jina 2023, ndiyo inayoleta wateja. Na kibanda hakihitaji PS5. PS4, mashine ya 2013, inatosha kabisa, na pesa zinazobaki zinanunua TV ya pili. Usiruhusu tu watoto wenye yunifomu saa za shule, chifu atakufungia.

Lakini kama mashine inakaa nyumbani na pesa ni za mzazi, mimi nasema kompyuta, tena laptopu. Mchana inajaza fomu za KUCCPS na HELB, inafungua eCitizen, na kila Juni inawasaidia majirani kutuma ritani zao KRA kabla ya tarehe 30. Jioni mnacheza. Stima ikienda, betri inaokoa kazi yako, na stima huenda: Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Konsoli ikizimika ghafla katikati ya kuhifadhi, faili zinaweza kuharibika.

Anayesubiri GTA VI atapinga, na ana hoja. Rockstar imeipanga itoke Novemba 19, 2026 kwenye PS5 na Xbox Series pekee, kompyuta haijatajwa. Kama hiyo ndiyo gemu yako ya maisha, sawa, nunua konsoli, lakini chagua yenye sehemu ya diski. Na ikiwa ni ya mtumba, icheze nusu saa nzima palepale kwa muuzaji, usikilize feni na ujaribu kila kitufe, kabla ya kutuma M-Pesa.