Panya wa Miti hawakwepi mkono wako

Mwandishi mmoja ametuambia kwamba panya wa Miti, katika eneo la Kabare, wanakataa chambo chenye sumu kwa sababu wananusa mkono wa binadamu, na kwamba dawa ni kuongeza sumu. Sikubali. Ushauri huo ni hatari katika nyumba ambamo watoto hulala kando ya magunia ya maharagwe.

Panya hujifunza kwa tumbo. Mwaka 1955, huko Marekani, mtafiti John Garcia aliwapa panya maji ya sakarini huku wakipigwa mionzi inayochafua tumbo. Baadaye waliyakwepa maji hayo matamu. Majaribio yaliyofuata yanaipinga hoja ya mwandishi huyo moja kwa moja: ugonjwa ukichelewa, harufu peke yake huacha kumbukumbu dhaifu. Ikiambatana na ladha, harufu ileile hupata nguvu, na panya huikimbia kabla hajaonja.

Tazama sumu ya panya iliyo unga wa kijivu, fosfidi ya zinki. Panya huonja kidogo, huumwa baada ya saa chache, na akipona hagusi tena chambo hicho. Ukiongeza sumu unaongeza ladha yake, naye ataacha mapema zaidi. Warfarini, sumu nyingine inayozuia damu kuganda, huchukua siku kadhaa. Panya hajui alaumu chakula kipi, basi anaendelea kula.

Ndugu zangu wa Kabare, nawaomba msiongeze sumu. Fungeni mahindi katika pipa la bati. Mkilazimika kutumia fosfidi, tangulizeni chambo kisicho na sumu kwa siku kadhaa, mahali ambapo mtoto wala kuku hafiki.