Upasuaji wa pua wapata ushahidi uliokosekana

KWA miaka mingi, matibabu ya Mwingereza aliyeshindwa kupumua vizuri kwa sababu ukuta wa kati wa pua umepinda yalitegemea mahali anapoishi. Baadhi ya hospitali za umma zilimpasua. Kwingineko, wasimamizi wa bajeti waliuhesabu upasuaji huo miongoni mwa tiba zenye manufaa madogo.

Haukuwa uchoyo mtupu. Upasuaji huo, unaonyoosha gegedu na mfupa bila kubadili sura ya mtu, ulifanywa kwa miongo kadhaa pasipo majaribio makubwa ya kuulinganisha na dawa. Aidha, wako wengi ambao ukuta huo umepinda na hawasumbuliwi hata kidogo.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 2019, pale jarida la The Lancet lilipochapisha jaribio la Uholanzi lililohusisha watu wazima 203. Waliopasuliwa walipata nafuu zaidi. Mwaka 2023 jarida la The BMJ likatoa matokeo ya jaribio la watu 378 katika kliniki 17 za England, Scotland na Wales. Kwa kura, baadhi walipangiwa kisu. Wengine walipewa maji ya chumvi na dawa ya steroidi ya kupuliza puani kwa miezi sita.

Muda huo ulipotimia, wagonjwa walipimwa kwa maswali 22 yenye jumla ya alama 110, ambapo alama nyingi ni taabu nyingi. Wastani wa kundi la upasuaji ulikuwa 19.9, na wa kundi la dawa 39.5. Tofauti hiyo haipuuziki.

Wenye shaka wanaweza kusema kwamba kila mgonjwa alijua tiba aliyopewa, na kwamba alama zilitokana na maelezo yake mwenyewe. Ni kweli, ingawa katika maradhi haya hisia ya kukosa pumzi ndiyo hasa inayompeleka mtu kwa daktari.

Kisu nacho kina madhara: kati ya watu 174 waliopasuliwa, saba walirudi hospitalini kwa kutokwa damu na 20 walihitaji antibiotiki. Tena, jaribio liliwachukua wale tu ambao dalili zao zilivuka kiwango kilichowekwa, hivyo halihalalishi kumpasua kila mwenye pua iliyopinda. Lililodhoofika ni agizo la kumrudisha nyumbani mwenye dalili nzito akapulize dawa miezi mingine sita kabla ya kuonana na daktari wa upasuaji.